Flashi Iliyokataa Mara Tatu

Siku Ruffin Kisimba alipoingia kwa mara ya kwanza katika secrétariat ya mzee Antoine, duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kutia nyimbo, Marlène alipiga ukelele hadi mama muuza mandazi wa nje akaacha kikaango chake na kuja kuchungulia.

Ilikuwa Jumamosi, saa ambayo mtaa mzima wa Manika, mjini Kolwezi, umemwagika barabarani. Malori ya madini yalipita yakitimua vumbi jekundu, pikipiki zilipenya katikati ya watu, na wauza mitumba waligombana kwa sauti kubwa kuliko biashara yenyewe. Marlène Mbombo alikuwa ameinamia kompyuta ya mezani, akimchapia mtu barua ya kuomba kazi. Alipoinua macho aliona mlangoni jitu refu lisilo na uso, lenye kioo cheusi mahali pa macho.

“Yezu wangu!”

Jitu likainua uso wake wa chuma, kumbe ni kinga ya mchomelea vyuma, na chini yake akatokea kijana mwenye macho ya upole na aibu tele.

“Pardon, mama. Nilisahau kutoa masque. Mi niko soudeur, niko nachoma portail ya pale ngambo.”

“Soudeur anaingiaka kwa bantu na uso ya shetani?”

“Shetani anatembeaka na flashi?” Akatoa kijiti kidogo cha plastiki mfukoni, akakiweka mezani kwa vidole vilivyojaa alama ndogo za moto. “Nitilie nyimbo ya Mungu. Zile zinaondoa woga.”

“Nani iko na woga?”

“Si weye? Nakuletea dawa.”

Marlène akacheka bila kutaka. Na kweli alikuwa mwoga, wala hakuficha. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa kingʼora cha mgodini kinapolia saa isiyo yake. Siku hiyo alivaa kikwembe, kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano na nywele alisuka mistari myembamba, na Ruffin alimtazama hivi kwamba akaogopa jambo jipya kabisa.

“Kuna kitu ndani?” akauliza, akichukua flashi.

“Hapana kitu.”

“Kweli?”

“Kweli.”

“Nioshe?”

“Osha tu, chérie.”

Maswali hayo matatu yalikuwa sheria ya duka. Kolwezi flashi hazikai mahali pamoja. Zinatoka kwenye redio ya lori zinaingia baa, zinatoka baa zinaingia kanisani, na virusi vinasafiri humo bure. Kwa hiyo kwa mzee Antoine flashi ilifomatiwa kwanza, ikafutwa yote, ndipo ikatiwa nyimbo. Wenyewe waliita kazi hiyo kuosha. Lakini juu ya kompyuta palibandikwa katoni yenye maandishi makubwa: HATUOSHI FLASHI MPAKA MWENYEWE ASEME KILICHO NDANI. Antoine aliiandika siku picha za arusi ya mtu zilipopotea, na arusi yenyewe nusura ifuate.

Ruffin alirudi Jumamosi iliyofuata. Alileta karatasi moja ya kutoa kopi. Jumamosi ya tatu alileta karatasi ile ile.

“Hii kopi unakulaka?” Marlène akamuuliza.

“Nabandika ku ukuta, juu ni weye njo uliishika.”

Haya, nani angeweza kumkataa? Alimtengenezea Antoine mlango wa duka bila kuombwa. Alikuja na shati jeupe la pasi, viatu vinangʼaa, na jikovu la moto shavuni ambalo Marlène alitamani kuligusa. Wiki nzima alifanya kazi kwenye gereji ya malori kule Fungurume, na simu ikawa ndiyo njia yao.

“Umekula, roho yangu?”

“Nimekula. Na weye, hukujichoma leo?”

“Nilijichoma kidogo. Nilikuwa nakuwaza.”

“Basi usiniwaze ukishika moto, Ruffin! Unaniogopesha.”

“Nikuwaze saa ngapi?”

“Saa ya kula.”

Miezi sita ikapita hivyo. Ndipo Ruffin akasema anataka kuja kwao rasmi kuposa, na Marlène, kwa furaha na hofu, akamwambia baba yake.

Tata Tshibangu aliweka kijiko chini. “Muntu ya wapi?”

“Ya Tenke, tata.”

Mzee akasukuma sahani mbali. Marlène alijua jambo hilo linatoka wapi. Miaka ile ya tisini na mbili na tisini na tatu, Wakasai, watu wa kabila lao, walipofukuzwa Katanga na wenyeji kama wale wa Tenke, Tshibangu alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne. Alipandishwa treni pamoja na mama yake. Miaka mingi baadaye alirudi Kolwezi alikozaliwa, peke yake. Chini ya kitanda chake mpaka leo lilikaa sanduku la bati lenye nguo, vyeti na vitu vingine ambavyo hakuvionyesha mtu, limefungwa tayari, kana kwamba treni itapiga honi kesho. Woga wa Marlène haukutoka mbali. Aliunyonya katika nyumba ile.

“Mi sina chuki na muntu,” mzee akasema mwishowe. “Lakini mutoto yangu sitamupeana kwa bantu benye sikusikia kinywa yao. Baba yake akuye, aniambie yeye mwenyewe. Mama hapana, rafiki hapana. Upande ya baba.”

“Baba yake alikufa, tata.”

“Basi ndugu za baba yake.”

Nao ndugu za baba yake, Ruffin alipowaendea, walimjibu kwamba hawaendi kupiga magoti kwa Mkasai. Marlène alilia kwenye simu. Ruffin alimwacha alie, kisha akasema polepole:

“Usiogope, mupenzi. Baba yangu ataongea.”

“Maiti inaongeaka?”

“Utaona. Ni surprise. Ambia tata Tshibangu Jumapili hii, siku ya yenga, saa kenda, tunakuya.”

Alhamisi ya wiki hiyo lori la gereji lilipita Kolwezi kuchukua vyuma. Ruffin aliruka chini na kuingia dukani mbio, ovaroli nyeusi kwa moshi, akaweka flashi ya buluu mezani.

“Chérie, nitilie nyimbo za chorale yenu. Zile unaimbaka solo. Ya yenga nataka zipige pale kwenu.”

“Kuna kitu ndani?”

Nje dereva akapiga honi, akapiga tena. Ruffin alimkamata Marlène mkono, akaubusu juu ya vidole. “Weka tu nyimbo, chouchou! Nitaipitia Jumamosi.” Akatoka.

Hakujibu. Marlène alijua kabisa hajajibu. Akaichomeka flashi, akaifungua, na ndani hakuona kitu ila kale kaalama ka mshale ambako virusi vinakaacha. Tupu, na chafu. Akawaza: flashi ya mtu wangu, nimrudishie inangʼaa. Kumbe virusi vile vinafichaga vitu, havivifuti. Hilo alilijua pia, lakini mapenzi yana haraka zake.

Akabonyeza kufomati. Kompyuta ikaandika kwamba diski imefungwa, haiandikiki. Akaitoa, akaipuliza vumbi, akapiga magoti chini ya meza na kuichomeka nyuma ya boksi la kompyuta, mahali ambapo Antoine husema pana nguvu zaidi. Ikaanza, ikasimama katikati, ikasema imeshindwa. Akajaribu tena. Ikakataa mara ya tatu.

“Unanijua?” akaiambia. “Utaoshwa leo.”

Akafungua lile dirisha jeusi la amri ambalo Antoine alimfundisha, akachapa maneno ya kuifungua flashi kwa nguvu. Taa ya dukani ilikuwa imeanza kupepesa, umeme uko njiani kwenda zake, kwa hiyo akachagua fomati ya haraka, ile ya sekunde chache. Ikakubali. Akatia nyimbo kumi na mbili za kwaya, tatu kati yake akiimba yeye peke yake. Alifurahi sana, maskini.

Ijumaa saa sita mchana simu ikalia.

“Chérie, ulitia nyimbo?”

“Nilitia, roho yangu.”

“Aksanti. Sikia, nilitaka iwe surprise lakini siwezi tena kunyamaza. Ile flashi uichunge sana. Baba yangu iko mule ndani.”

“Iko… namna gani?”

“Sauti yake. Mbele ya kufa aliniambia nimurekodi. Aliacha maneno kwa baba ya mwanamuke mwenye nitaoa. Nilisikiliza mara moja tu, roho yangu haikuweza tena. Haiko pengine, Marlène. Ni pale tu. Ya yenga tata yako ataisikia. Allô? Allô?”

Marlène alikuwa akiitazama flashi ya buluu mezani.

“Réseau iko mubaya,” akasema, akakata.

Akaichomeka flashi. Nyimbo kumi na mbili. Akaitoa, akaichomeka tena, kana kwamba mtu aweza kurudi akibishiwa hodi mara mbili. Nyimbo kumi na mbili. Baba wa mtu! Alikuwa amemfuta baba wa mtu, kwa mkono wake, na flashi ilikataa mara tatu akailazimisha. Simu ikalia. Hakupokea. Ikalia tena, ikalia tena, mpaka akaizima na kuitia chini ya karatasi. Siku ile hakula. Kila pikipiki iliposimama nje aliinama chini ya meza. Antoine alimuuliza kama ana malaria, naye akaitikia kwamba ndiyo.

Jumamosi asubuhi alisikia sauti ya Ruffin kabla hajamwona. Miguu ilimpeleka yenyewe nyuma ya pazia jeupe wanapopigia picha za kitambulisho, akasimama humo akiziba mdomo.

“Jambo, tata Antoine. Marlène iko wapi?”

Antoine akatazama pazia, akatazama dari. “Alikuwa hapa.”

“Tangu jana hanijibu. Simu anafunga. Tata, nielezee kama mutoto yako. Amepata mwingine?”

“Mi sijue mambo ya bijana.”

Ruffin akatazama kiti kitupu cha Marlène. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imekauka. “Basi umwambie hivi. Kama hanitaki tena, sitalalamika. Anirudishie flashi tu. Bibi naweza kupata mwingine. Baba sitapata mwingine.”

Marlène akasikia maneno hayo, akaona kwamba kuna kitu anachokiogopa kuliko hasira ya Ruffin: kuwa mtu anayeyasikia maneno hayo akabaki nyuma ya pazia. Akatoka. Nywele zilikuwa hazijachanwa, kikwembe amekifunga upande upande.

“Kumbe uko,” Ruffin akasema.

“Niko. Ruffin, niliiosha.”

“Uliosha nini?”

“Flashi. Nilifuta yote. Sikujua, niliona tupu. Ilikataa mara tatu, mi nikalazimisha. Nilikimbia simu yako juu ya woga. Hakuna mwingine. Nilikufutia baba.”

Laiti angefoka. Ruffin hakufoka. Alinyoosha kiganja chake chenye madoa ya moto, Marlène akaweka flashi juu yake, naye akakifunga na kutoka mlango ule ule alioutengeneza mwenyewe.

Marlène akakaa chini sakafuni. Antoine, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akamjia juu.

“Petite, simama. Ulibonyeza rapide ao complet?”

“Nini?”

“Formatage! Rapide ao complet?”

“Rapide, ile ya haraka. Courant ilikuwa inaenda.”

Antoine akapiga meza hadi kalamu zikaruka. “Bankambo banasemaka haraka haraka haina baraka, lakini bankambo habakukuwa na ordinateur! Rapide inapasulaka ile karatasi ya majina pa mulango ya hoteli tu. Bantu beko bado mu byumba, mpaka mwingine akuye kulala pa kitanda yao. Nyimbo zako zimelala pa bitanda bingine, lakini si byote. Kimbia! Asiandike kitu juu yake. Hata wimbo moja!”

Marlène alikimbia. Alipita katikati ya soko na kandambili mkononi, akagonga beseni la dagaa, akaomba radhi bila kugeuka. Mbwa wawili wa mchinjaji walimfuata wakibweka, naye hakuwaona. Hofu moja tu ilikuwa imebaki ndani yake na ilimsukuma mgongoni. Alipofika maegesho ya malori ya Fungurume, lori la gereji linanguruma tayari. Ruffin amekaa ndani, kichwa dirishani, na dereva ana flashi ya buluu mkononi, anaielekeza kwenye waya wa simu yake.

“Ngoja nikutilie ndombolo, ndugu,” dereva alikuwa anasema, “uache kulia kama—”

Marlène alipiga ukelele. Ulikuwa ukelele ule ule wa siku ya kwanza, na maegesho yote yaligeuka. Dereva aliangusha flashi miguuni pake.

“Usichomeke! Usiandike kitu! Iko bado mule ndani!”

Akafika akishika mlango wa lori, pumzi hana. Akaeleza kila kitu bila mpangilio, majina ya mlangoni, vitanda, rapide. Ruffin alimsikiliza akimtazama miguu iliyojaa vumbi na damu kidogo kidoleni.

“Usiku muzima, Marlène. Usiku muzima nilikuwa najua uko na bwana mwingine.”

“Mi naogopaka mbwa, nitaweza bwana babili?”

Ruffin alicheka kwa shida, kicheko kimechanganyika na kilio, kisha akainama kuokota flashi.

“Nipe mpaka saa nane,” Marlène akamwambia. “Nyuma yake unichukie, sitakuzuia.”

Ruffin akashuka.

Mzee Antoine aliwafungia wateja mlango. Alitia programu yake ya kutafuta vilivyofutwa, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo polepole mno. Umeme ukapepesa. Marlène alishika kiti kwa mikono miwili, akasali kwa Kiswahili, kisha kwa Tshiluba, lugha ya Kasai ambayo hakuijua vizuri. Vitu vikaanza kutokea bila majina, namba tupu. Picha ya tairi la lori. Nusu ya wimbo wa zamani. Karatasi ya bei ya vyuma. Kisha faili moja ya sauti, ya dakika saba.

Antoine akaibonyeza. Kwanza kikohozi kizito. Halafu: “Mi ni Barnabé Kisimba…”

Ruffin akaziba uso. “Simamisha. Ni yeye. Simamisha, tata, siwezi. Nitaisikia kesho, mbele ya bantu, mara moja.”

Antoine akasimamisha, akaihifadhi katika kompyuta na kuirudisha katika flashi, lakini hakutabasamu. “Nikuambie kweli, mutoto. Iko bipande-bipande. Nyimbo zilianguka juu yake pahali fulani. Sijue ni wapi imekatika, na ni maneno gani imekufa.”

Wakatazamana. Marlène hakuthubutu kumshika mkono. Ruffin ndiye aliyemshika.

Jumapili saa tisa alasiri nyumba ya Tshibangu, moja ya nyumba zile za matofali za wafanyakazi wa zamani wa mgodi, ilikuwa imefagiliwa mpaka barabarani. Viti vya plastiki vilipangwa pande mbili. Upande mmoja walikaa Tata Tshibangu katika koti lake la arusi na wazee wawili wa ukoo. Upande wa pili alikaa Ruffin, mzee Antoine kama msemaji, na mama Louise, mama yake Ruffin, mjane mwembamba aliyevaa kikwembe cheusi, ambaye kwa desturi hakuwa na neno la kusema pale. Marlène alikuwa chumbani nyuma ya pazia kama inavyompasa binti mpaka aitwe. Alikuwa amepambwa kwa kikwembe kipya cha rangi ya machungwa, midomo imepakwa rangi.

“Baba yake iko wapi?” Tata Tshibangu akauliza, kama alivyoahidi.

“Iko hapa,” Antoine akajibu, akachomeka flashi kwenye spika. “Naomba munyamaze.”

Kikohozi kikajaa sebuleni.

“Mi ni Barnabé Kisimba, aiguilleur, muntu ya kugeuza njia ya treni, pa gare ya Tenke. Mutoto yangu Ruffin ananishikia ka-machine. Mwaka ile treni za Bakasai zilikuwa zinapita, mi njo nilikuwa nafungua njia. Na hii mukono. Siku moja treni ilisimama tangu asubui mpaka saa kumi. Jua kali. Bamama balikuwa banaita maji. Pompe ya maji ilikuwa pa mulango ya nyumba yangu, bibi yangu alijaza beseni, mi nikamukataza. Niliogopa. Bijana benye mapanga balikuwa pale, niliogopa banione. Miaka yote ninasikia bale bamama. Ruffin, kama siku moja unapata bibi kati ya bale bantu, wende kwa baba yake, umwambie baba yangu anasema—”

Sauti ikakatika. Na hapo hapo, bila hata pumzi, ikaingia sauti ya msichana, nyororo, iko peke yake:

“Nimefika mlangoni, nifungulie. Njia ilikuwa ndefu, nifungulie…”

Marlène aliitambua sauti yake, akahisi kufa. Wimbo uliendelea sebuleni, ubeti mzima, na yeye nyuma ya pazia alihesabu kila neno la marehemu alilolizika chini ya sauti yake. Kisha sauti ya Barnabé ikarudi, imechoka:

“…njo vile tu. Sina neno ingine. Sasa mumupe huyu baba maji.”

Antoine akazima spika.

“Pale katikati,” Tata Tshibangu akasema, “ni nani anaimba?”

Binti asipoitwa hatoki. Marlène alitoka. Alipiga magoti katikati ya viti, kikwembe kipya kwenye saruji.

“Ni mi, tata. Ruffin hana kosa, na baba yake hana kosa. Nilifuta flashi bila kuuliza muzuri, nikatia nyimbo juu. Neno yenye ulikuwa unangoja, mi njo nililifuta. Kama utakataa, ukatae juu yangu.”

Tata Tshibangu hakumtazama. Aliitazama spika.

“Ile treni,” mzee akasema, “mi nilikuwa ndani. Ao ingine kama ile, sijue. Zote zilisimama Tenke. Mama yangu alitoa mukono pa dirisha na kikombe. Alitoa siku muzima.”

Akavuta pumzi. “Marlène. Fungua sanduku. Leta kikombe.”

Mikono ya Marlène ilitafuta gizani chini ya kitanda, ikalifungua sanduku la bati ambalo hakuwahi kuliona wazi. Chini ya nguo zilizokunjwa kilikuwamo kikombe cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu uliobanduka. Alipokileta, mama Louise alikuwa amekwisha kusimama. Hakuuliza mtu. Alikichukua mkononi mwa binti, akaenda kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, akakijaza mpaka juu, akapiga magoti mbele ya Tshibangu na kukinyoosha kwa mikono miwili.

“Beseni nilijaza, tata,” akasema, na desturi ikae kando. “Siku ile nilijaza. Maji yake njo hii.”

Tata Tshibangu alikunywa. Alikunywa polepole, mpaka mwisho, maji mengine yakimtiririkia kidevuni na kuingia kwenye koti la arusi. Kisha akafuta macho kwa kiganja.

“Maji ya Tenke imechelewa,” akasema. “Lakini imefika. Mama, simama. Mutoto, na weye simama, usichafue kikwembe ya bantu.”

Mmoja wa wazee akauliza kwa sauti ndogo kama basi jibu ni ndiyo.

“Jibu gani?” Tshibangu akafoka, lakini ufokaji ule ulikuwa umejaa kicheko. “Mi sijafungua kinywa, na huyu binti amekwisha kujibu na wimbo! Tata Antoine, rudisha pa mwanzo, nataka kusikia tena. Na pale pa wimbo musikate.”

Wakacheka wote, wengine wakilia, na kikohozi cha Barnabé kikajaza tena nyumba. Ruffin alisogea mpaka bega lake likagusa la Marlène.

“Utaosha tena flashi yangu, chérie?”

“Flashi, hapana,” Marlène akanongʼona. “Bilamba, zile shati zako, tutaona.”

Akasikiliza sauti yake mwenyewe ikiingia katikati ya ile ya marehemu baba mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakutamani kujificha. Kikombe hakikurudi sandukuni siku ile. Kilibaki mezani pamoja na vikombe vingine, na wageni walipoondoka Marlène akakiosha.